Imbwa Njiani: Namna ya Kujikinga na Namna ya Kudai Haki

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama musomaji, kwenye ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kofia ya kazi, viatu vya chuma, vumbi la mugodi na magari makubwa ya mizigo. Leo tunatoka inje ya mulango wa kazi. Tunaongea juu ya imbwa.

Usicheke. Fikiri mutu wa posti ya asubuhi. Saa kumi na nusu ya usiku anafunga mulango pole pole ili asiamushe watoto, anashika mufuko wake wa chakula, na kuanza kutembea mupaka pahali bisi ya kazi inasimama. Giza lingali. Taa za barabara, ukitaka tusiongee juu yazo. Barabara yote ni ya imbwa: wale wa wenyeji, wale wa walinzi, na wale wasio na mwenye. Mutu huyu anapashwa kupita, sababu bisi haingoji.

Tuchukue mufano. Asubuhi moja imbwa anatoka katika lupango ambayo ukuta wake umebomoka, na kumuuma kwenye muguu, chini ya goti. Si kidonda kikubwa: matundu mane ya meno na damu kidogo. Anapanguza na kitambaa, anakimbia kwenye bisi ili asikose siku. Kazini anaona haya kusema. Wenzake watamucheka kwamba mutu muzima ameshindwa na imbwa. Jioni mama anabandika jiwe jeusi juu ya kidonda. Kesho yake wanakwenda kwa mwenye imbwa, mutu wa kambi moja nao, tena wa ekipi moja. Yule anasema: «Baba, imbwa yangu ni ya upole, pengine ulimuchokoza.» Anatoa franka kidogo za kununua dawa, wanapeana mikono, mambo yanaisha.

Je, yameisha? Katika mambo yote aliyofanya mutu huyu, hakuna hata moja lililo sawa, isipokuwa kupeana mikono. Kuna hatari juu ya uzima wake, na kuna haki ambayo ameitupa. Tuanze na uzima, sababu maiti hadai franka.

Kwanza kidonda

Katika mate ya imbwa mugonjwa kunakaa kijidudu cha ugonjwa wa kichaa cha imbwa, ule wanganga wanaita raje. Kijidudu hiki kinaingia kwa tundu la jino, hata dogo, ao kwa mate yanayogusa jicho, mudomo ao pahali ngozi imechubuka. Kinapanda pole pole kwa njia ya mishipa ya fahamu mupaka kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo inachukua mwezi 1 mupaka 3, lakini inaweza kuwa juma 1, na inaweza kufika mwaka. Ndiyo sababu watu wanadanganyika: kidonda kimepona, kovu limekauka, wamesahau. Kisha siku moja pahali pa kovu panawasha, homa inakuja, mutu anaogopa maji, koo linajifunga kila anapotaka kunywa. Siku hiyo hata lupitalo kubwa ya Ulaya haina dawa. Mutu akionyesha alama za raje, anakufa. Wale waliopona duniani ni wachache sana, wanahesabika kwa vidole.

Shirika la Afya la Dunia linahesabu watu karibu 59,000 wanaokufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote katika Afrika na Azia. Karibu wote, 99 kwa 100, waliupata kwa imbwa. Na katika watu 10, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Lakini sikia jambo la furaha: raje inazuiliwa kabisa, kama unaanza mapema. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur aliagiza kupigwa sindano ya kwanza mutoto mumoja wa miaka 9 aliyeumwa na imbwa mwenye kichaa. Mutoto yule alipona. Tangu siku ile hatuna sababu ya kufa kwa raje, ila kukawia na kukosa kujua.

Basi fanya hivi. Mara moja, pale pale, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Si dakika 2. Weka saa. Sabuni ya kufulia inafaa. Maji ya bomba ao ya ndoo yanafaa, mradi yapite juu ya kidonda. Kazi hiyo inaonekana ya kijinga, lakini inafukuza sehemu kubwa ya vijidudu kabla havijaingia ndani. Kiisha mimina alkoholi ya dawa ao iode kama iko. Usibandike jiwe jeusi, usiweke majivu, wala maji ya batri, wala pilipili, wala unga wa muti. Jiwe jeusi halivuti kijidudu. Linafunika uchafu na kukupotezea saa. Tunajua wazee wengi wanaliamini, na hatutaki kuwatukana wazee, lakini kwa jambo hili watusamehe.

Kisha kwenda kwa munganga siku ile ile. Usiombe kushonwa haraka. Kidonda cha imbwa hakishonwi mbio isipokuwa munganga anaona lazima. Anatazama pia kama shindano yako ya tetanosi imepita muda. Kama imbwa ni wa mashaka, anaanza chanjo ya raje: siku ya kwanza, siku ya 3, siku ya 7, na nyingine kufuatana na namna anayotumia, mupaka siku ya 14 ao ya 28. Kama kidonda kimetoka damu, panahitajika tena dawa nyingine ya kinga inayotiwa ndani ya kidonda chenyewe, siku ya kwanza. Usiache katikati kwa kuwa unajisikia vizuri. Mutu wa raje anajisikia vizuri mupaka siku ya mwisho ya kujisikia vizuri.

Chanjo hiyo haipatikani katika kila dispanseri, na bei yake si ndogo. Basi usikae ukingoja kwenye musitari wa dispanseri ya kartie bila kuuliza; uliza kwanza: «Chanjo ya raje iko hapa?» Kama haiko, waombe karatasi ya kukutuma pahali iko. Tukumbuke pia kwamba Kode ya Kazi, ile sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamulazimisha mwenye kutuandika kazi kutoa matunzo ya munganga kwa mufanyakazi na jamaa yake. Mutoto wako akiumwa na imbwa, usimufiche nyumbani kwa kuogopa bei.

Tena imbwa asiuawe mbio. Najua hasira. Lakini imbwa aliye hai anatusaidia: anafungwa pahali pa usalama na kutazamwa siku 10. Kama alikuwa na kijidudu katika mate siku aliyouma, katika siku zile 10 atagonjwa na kufa. Akibaki muzima, munganga anaweza kusimamisha sindano. Lakini sindano hazingoji siku 10. Zinaanza, kisha zinasimama. Kama imbwa ameuawa tayari, usimuchome, usimutupe: ita watu wa vetirineri, sababu wanapima ubongo wake. Na mutu asimupasue kwa kumula. Wengine kwetu wanakula nyama ya imbwa, si kazi ya ukurasa huu kuwahukumu. Lakini mwenye kukata kichwa cha imbwa wa kichaa anajitia raje kwa mikono yake.

Sheria inasema nini

Sasa ile franka kidogo ya dawa. Watu wengi wanafikiri kuumwa na imbwa ni bahati mbaya, kama kunyeshewa na mvua. Sheria ya inchi yetu haifikiri hivyo.

Sheria yenyewe ni ya zamani sana: dekre ya tarehe 30 Julai 1888, ile inayoitwa Kode Sivile kitabu cha 3. Ilipoandikwa, hakukuwa hata kambi moja ya wafanyakazi wa mugodi katika Katanga yote. Lakini ingali inatumika, na juri wetu wanaifungua kila juma. Kifungu cha 258 kinasema kwamba mutu akileta hasara kwa mwingine kwa kosa lake, anapashwa kuitengeneza. Kifungu cha 259 kinaongeza kwamba si kwa tendo tu, hata kwa kutojali na kwa kukosa kuangalia. Na kifungu cha 261 kinafika kwenye mambo yetu: mwenye nyama wa kufuga, ao yule anayemutumia wakati anapomutumia, anajibu juu ya hasara ambayo nyama ameleta, hata kama nyama alikuwa chini ya ulinzi wake, hata kama alipotea, hata kama alitoroka.

Soma tena maneno ya mwisho. Hata kama alitoroka. Kwa hiyo jirani akikuambia: «Si kosa langu, alikata kamba usiku,» hajajibu kitu, sheria ilikwisha kumujibu tangu 1888. Wewe huna lazima ya kuonyesha kwamba jirani ni mutu mubaya ao muzembe. Unapashwa kuonyesha mambo matatu tu: kwamba umepata hasara, kwamba imbwa ndiye aliyeileta, na kwamba imbwa huyo ni wake ao alikuwa mikononi mwake. Yeye ndiye atahangaika kuonyesha kwamba kosa lilitoka kwako, kwa mufano kwamba uliruka ukuta wake usiku ao ulimupiga imbwa mawe akiwa amefungwa. Kama kweli ulifanya hivyo, juri ataliangalia, na utapoteza haki yako yote ao sehemu yake. Lakini mutu anayepita barabarani kwenda kazini hakuchokoza mutu.

Angalia pia lile neno «ao yule anayemutumia». Imbwa wa mulinzi kwenye mulango wa ghala si wa mulinzi mwenyewe. Mara nyingi ni wa kampani ya ulinzi iliyomuweka pale. Usigombane na mulinzi, ambaye mushahara wake pengine ni mudogo kuliko wako. Kifungu cha 260 kinasema kwamba wakubwa wanajibu juu ya makosa ya watu wao katika kazi waliyowapa. Basi andika jina la kampani iliyo kwenye shati lake.

Hiyo ni njia ya malipo. Iko njia nyingine, ya azabu. Kode ya Azabu ya tarehe 30 Januari 1940, kwa vifungu vya 52 mupaka 54, inaazibu mutu aliyeumiza mwenzake bila kukusudia, kwa kukosa kufikiri mbele ao kukosa kujihadhari. Kwa majeraha, kifungo ni siku 8 mupaka mwaka 1, ao faini, ao vyote viwili. Kama mutu amekufa, kifungo ni miezi 3 mupaka miaka 2. Mutu aliyejua kwamba imbwa yake inauma, aliyeonywa, na bado anaacha mulango wazi kila asubuhi, anaingia humo. Na kama mutu ametuma imbwa kwa makusudi, amesema «kamata!», hapo si kutojali tena, ni kupiga na kujeruhi kwa kukusudia, sawa na kama angetumia fimbo.

Hapa kuna hatari moja ambayo watu hawaijui: saa inatembea. Kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi mwaka 1, mwaka 1 ukipita bila kitu kufanyika, njia ya azabu inafungwa. Mutu anayesema «nitashitaki siku nitapata nafasi» anaweza kukuta mulango umefungwa.

Namna ya kudai

Kabla ya kwenda kwa watu wa serikali, kwenda kwanza kwa jirani, lakini usiende peke yako. Twaa mutu mumoja wa kuheshimiwa, kama vile mukubwa wa kambi, shefu wa kartie, ao delege wa sendika. Ongea kwa upole. Kambi ni ndogo, mutakutana tena kesho kwenye bisi. Watu wengi wakielezwa sheria kwa sauti ya chini wanalipa bila makelele.

Mukipatana, muandike. Karatasi moja kwa kila mutu, tarehe, majina, saini za mashahidi. Na hapa ndipo watu wanajitega wenyewe: siku ya pili, kidonda kingali kibichi, wanaandika kwamba «mambo yameisha, sidai tena kitu». Usiandike hivyo kabla ya shindano ya mwisho. Andika kwamba jirani anakubali kulipa munganga, dawa, safari za kwenda lupitalo, siku za kazi zilizopotea na suruali iliyopasuka, na kwamba mutahesabu pamoja matunzo yakiisha. Andika pia kwamba anakubali kufunga imbwa siku 10 na kuonyesha karatasi ya chanjo yake.

Kama anakataa, kwenda kwa ofisiye wa polisi judisieri, yule tunaita OPJ. Ataandika proseverbali. Mueleze saa, pahali, rangi ya imbwa, lupango aliyotokea, watu walioona. Hivi vitu viandike wewe mwenyewe kwenye daftari siku ile ile. Baada ya juma moja utasema imbwa alikuwa mweusi na shahidi atasema mwekundu. Peleka sertifika ya munganga. Bila sertifika, kidonda ni hadithi. Peleka na karatasi zote za malipo. Hata ile ya mutaka wa kukupeleka lupitalo, kama unaweza kuipata.

Proseverbali inakwenda parke, na kutoka parke inaweza kufika tribinali ya amani, ambayo inahukumu makosa ya kifungo kisichozidi miaka 5. Pale pale unaweza kuomba kuwa upande wa kudai malipo, ili juri akate azabu na malipo siku moja. Kama huna feza za avoka, uliza kwenye baro ya mawakili: wanalo biro la kuwashauri maskini bila malipo. Na mbele ya tribinali ya amani unaweza kutumia mutetezi judisieri, ambaye bei yake kwa kawaida ni chini.

Ukiumwa ukienda kazini

Hili linawahusu ninyi wafanyakazi zaidi kuliko wengine, na ni hili mara nyingi tunaliona limetupwa. Sheria ya usalama wa jamii inahesabu ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kama ajali ya kazi. Ilikuwa hivyo katika dekre-sheria ya tarehe 29 Juni 1961, na ni hivyo katika sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Imbwa anayekuuma ukienda kwenye bisi ni ajali ya njiani. Imbwa wa mulinzi anayekuuma ndani ya mulango wa mugodi ni ajali ya kazi kabisa.

Lakini njia iwe ile yako ya kawaida, na usiikate kwa mambo yako mwenyewe. Ukitoka posti ya mchana, ukapita kwenye nganda, ukakaa mupaka saa nne ya usiku, kisha imbwa akakuuma kwenye njia ya nganda, usimuambie kapita kwamba ulikuwa unatoka kazini. Imbwa hawezi kushuhudia, lakini wenzako wa meza wataweza.

Basi usione haya. Ukifika kazini, kabla ya kuvaa nguo za kazi, muambie kapita wako, na dai aandike. Mwenye kazi ndiye anayepashwa kujulisha CNSS, ile iliyoshika pahali pa INSS tangu 2018. Ajali isiyoandikwa siku yake inakuwa ngumu kuonyesha baada ya mwezi, na raje, tumeona, inaweza kungoja miezi. Kuandikwa huko hakukatazi kumudai mwenye imbwa. Hizo ni njia mbili.

Fimbo, mupanga na sumu

Watu wanauliza: «Nikiumwa, siwezi kumupiga imbwa?» Unaweza. Sheria inaazibu mutu anayeua ao kujeruhi vibaya nyama wa kufuga wa mutu mwingine kwa ubaya na bila lazima. Yashike hayo maneno mawili. Imbwa yuko juu yako, unamupiga na fimbo ili akuachie: hapo iko lazima, hapo hakuna ubaya. Imbwa amekwisha kukimbia, unarudi jioni na wenzako wanne kumuua katika lupango ya mwenyewe: lazima imeisha, na ubaya umeanza. Kisha wewe uliyekuwa mudai unakuwa mudaiwa.

Fimbo ya kutembelea haiulizwi na mutu. Toshi inafaa zaidi ya mupanga. Imbwa akiangaziwa usoni mara nyingi anasimama. Mupanga uache nyumbani. Mutu anayetembea gizani na mupanga mukononi anaulizwa na polisi, na anatisha watu kuliko imbwa. Bunduki ni jambo la ordonansi-sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha: bila ruhusa ya serikali, kuwa nayo tu ni kosa, hata kama hujapiga. Sumu ni mbaya kuliko zote. Nyama ya sumu ikitupwa barabarani haichagui. Inaokotwa na mutoto, inakokotwa na imbwa wa mutu asiye na neno, inaingia kisimani.

Namna iliyo bora ni kutofika kwenye fimbo. Tembeeni wawili ao watatu mukienda posti ya usiku. Imbwa akija, usikimbie; miguu yake ni minne, na mutu anayekimbia anamuamusha hamu ya kufukuza. Simama, mugeukie upande, usimutazame machoni, mikono chini. Weka mufuko ao kofia ya kazi kati yako naye. Akiuma, aume hiyo. Rudi nyuma pole pole bila kumupa mugongo. Kwetu kila mutoto anajua kuinama kama mwenye kuokota jiwe: mara nyingi inatosha, hata kama jiwe haliko. Ukianguka, jikunje, magoti tumboni, vidole nyuma ya shingo, mikono juu ya masikio.

Na kama kuna lupango moja ambayo kila mutu wa kambi anaiogopa, musingoje mutu aumwe. Muandike barua, watu kumi mutie saini, kwa shefu wa kartie na kwa burgumestre, na kopi moja kwa mwenye imbwa. Barua hiyo ina nguvu mara mbili. Pengine inamufanya atengeneze ukuta. Na kama hatengenezi, siku ya ajali hawezi kusema mbele ya juri kwamba hakujua.

Watoto wanaficha

Mama, jambo hili ni lako na baba pamoja. Mutoto aliyeumwa anaogopa mapigo, sababu alikatazwa kucheza karibu na lupango ile. Anaficha. Anavaa suruali ndefu, anasema alianguka. Basi kabla ya ajali yoyote, muwaambie watoto wote kwa wazi, baba akiwapo: mutoto atakayesema kwamba imbwa amemuuma, hata kumukwarua, hata kulamba kidonda chake, hatapigwa. Na mushike neno hilo. Wakati wa kuwaosha jioni, tazameni miguu na mikono. Tundu la jino moja linafanana na muchomo wa mwiba.

Muwafundishe kutogusa imbwa anayekula, anayelala, ao mwenye watoto wadogo. Na kukimbilia kwa mutu mukubwa wakiona imbwa anayetoa povu, anayeyumba, ao anayeuma vitu ovyo. Imbwa wa kichaa si kila mara mukali. Wengine wanakuwa wapole kupita desturi, wanajificha gizani, taya limelegea, na mutoto anawahurumia.

Kama imbwa ni wako

Umesoma mupaka hapa ukifikiri juu ya imbwa wa jirani. Lakini watu wengi katika kambi wanafuga, na wako sawa, sababu wezi wako. Kifungu cha 261 kinakungoja na wewe.

Mufungue ndani ya lupango tu, usiku, ukuta ukiwa muzima. Asubuhi kabla ya saa kumi, wakati watu wa posti wanaanza kupita, mufunge. Mupe chakula, imbwa mwenye njaa ndiye anayetoka barabarani, na ule ubishi wa kusema kwamba njaa inamufanya mukali ni ubishi wa watu wasiotaka kununua unga. Mupeleke kwa vetirineri akifika miezi 3, kisha rudia chanjo kila mwaka ao namna vetirineri ameandika. Kama imbwa 70 kwa 100 za muji zimechanjwa, ugonjwa unakosa njia na kuzimika wenyewe. Hesabu hiyo haiwezi kufikiwa na serikali peke yake; ni imbwa wako na wangu.

Karatasi ya chanjo iweke pamoja na kitabu cha ndoa na karatasi za kuzaliwa za watoto, pahali ambapo mama pia anapajua. Siku jirani anagonga mulango na mutoto mukononi mwenye damu kwenye muguu, ni karatasi hiyo munganga ataomba kwanza, na wewe pengine uko kazini chini ya mugodi.